Boriti za Mahamudu

Siku ya arobaini ya mume wangu tulipoinua mkeka wake, tulikuta mchwa wametutangulia.

Kwa kina Mfaume, yaani ukoo wa marehemu mume wangu, mtu akifa kitanda chake hakiguswi. Mkeka uliotandikwa chini haukunjwi na chumba hakifagiwi mpaka kisomo cha arobaini kipite. Mimi kwetu ni Ngorongo, huko bondeni, ambako tunafagia siku ya tatu kisha tunaendelea kulia tukiwa safi. Nilisema hivyo mbele ya mama mkwe wangu, Bi Mwanaamina, naye akanijibu kwamba nimekuja kuolewa, sikuja kufundisha. Nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Basi siku hiyo, baada ya kisomo na pilau, Waride alishika ncha moja ya mkeka nami nikashika nyingine. Waride ni jirani yangu, anauza vitumbua pale malori yanaposimama, na ndiye shoga yangu wa pekee hapa Bungu. Tulivuta. Mkeka ulibaki sakafuni, sisi tukabaki na pindo mikononi. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umetapakaa chumba kizima, na kutoka pale vijia vya udongo vilipanda ukutani, vikapita nyuma ya kitanda, vikatokea ukumbini na kuizunguka nguzo ya kati mpaka juu kwenye mtambaapanya, ule mti mrefu unaobeba paa lote.

"Yarabi," akasema Waride.

Niliweka sikio kwenye nguzo. Ndani walikuwa wakitafuna, na walikuwa wengi kiasi kwamba nilidhani ni damu yangu mwenyewe inayovuma sikioni.

Sitaki mtu adhani nilitishika kwa ajili ya mkeka. Kiwanja kile ni cha ukoo, alikigawa baba mkwe tangu zamani. Nyumba ndiyo yetu, mimi na Mfaume. Yeye alisimamisha miti, mimi nikaikandika kuta zote kwa mikono hii. Na kanuni ya ukoo wao ni moja, kila mtu anaijua: mjane anakaa maadamu nyumba imesimama. Nyumba ikianguka, kiwanja kinarudi kwa ukoo. Mtoto sikujaaliwa, kwa hiyo hakuna wa kunisemea.

Mkuu wa ukoo sasa ni Mahamudu, mdogo wake Mfaume. Zamani kiwanja hiki kisingemtoa usingizi, kwani mbele kulikuwa na barabara ya vumbi na nyuma mihogo. Lakini zilipokuja zile enzi za ruksa, kila mwenye meza akawa mfanyabiashara. Malori ya Lindi na Mtwara yakaanza kusimama Bungu, abiria wanashuka kula, madereva wanauliza pa kulala. Mahamudu akapata leseni ya duka. Duka hana, ila anajua litakaa wapi. Wiki ileile ya matanga, tungali tukilia, alileta boriti kutoka Nyamisati pamoja na mabanzi na mafungu ya makuti, akayaegemeza yote kwenye ukuta wangu wa nyuma, eti kwake hakuna nafasi. Nani angemzuia? Mfiwa hagombani wakati wa matanga.

Sisemi alifanya kusudi. Nasema aliyaweka pale, na mchwa walipitia palepale.

Na mimi nilikuwa eda. Miezi minne na siku kumi, mjane haendi sokoni, haendi kisimani, hatoki nje ya ua wake, na mwanamume asiye maharimu wake hapaswi kumwona. Shemeji ni mmoja wao. Lakini tangu siku tuliyomzika kaka yake, Mahamudu hakuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Alikuwa anaingia tu, kama anaingia stoo yake, nami nakimbilia nyuma ya shuka niliyoitundika ukumbini, nikiwa na unga mikononi au kichwa wazi. Hilo lilinichoma kuliko yote. Ningeweza kumsamehe tamaa, maana tamaa kila mtu anayo yake. Kuingia bila hodi siwezi.

Jioni ya arobaini aliingia hivyohivyo. Nilimsikia akizunguka nguzo, akiigonga kwa ufunguo.

"Shemegi," akasema, sauti imelainika, "nyumba hii itakuua."

"Mbona haijaniua?"

"Mvua bado. Masika ikishuka, makuti yakilowa, uzito wote huo utakaa juu ya ganda hili. Miye naogopa kukuzika weye na mama siku moja."

"Hofu yako nimeisikia. Unataka nini?"

"Urudi kwa kaka zako Ngorongo, umalizie eda kule. Dini inaruhusu, nyumba ikiwa ya hatari. Nimeshazungumza na Shekhe Ismaily. Atakuja na wazee Ijumaa hii baada ya sala, waitazame. Wakisema ni salama, kaa. Wakisema hatari, siye tutakusafirisha kwa heshima zote."

Na siku nikipanda gari, nyumba ingevunjwa kabla vumbi la gari halijatua. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Bi Mwanaamina alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, macho yake ya uzee yakitazama barabara ambayo haioni vizuri. Hakusema neno. Huyu ni mwanawe na yule marehemu ni mwanawe, ningetaka aseme nini?

Kuanzia kesho yake nilipigana. Waride alikwenda kwa mafundi wa malori akarudi na kopo la oili chafu. Tulikwangua vijia kwa panga la Mfaume, tukamwaga maji ya moto, tukasiliba oili, tukajaza majivu kila penye ufa. Jioni palikuwa safi. Asubuhi vijia vimerudi, vyembamba, vibichi, vimepita juu ya oili yenyewe. Nikakwangua tena. Mikono ilinipasuka. Nilikuwa nikizungumza nao wale wadudu, matusi ambayo mjane hapaswi kuyajua, na Bi Mwanaamina akawa anajifanya kiziwi.

Kuta hazikunipa wasiwasi. Nguzo zote za pembeni ni boriti za mkandaa, Mfaume alizikata mwenyewe mikokoni huko delta enzi za ujana wake, na mchwa hawaziwezi. Wanapanda juu yake kama watu wanaopita daraja, wanatafuta laini, ila boriti yenyewe haiingiliki. Tatizo lilikuwa nguzo ya kati. Ile ya zamani ilioza kitakoni mwaka ule watu wa misitu walipokuwa wamekaza kamba, boriti haikatwi bila kibali, na Mfaume akachomeka gogo la mwembe. "La muda tu, Biasha," aliniambia. Mambo ya muda nayajua mimi. Ndiyo yanayotuzika.

Jumatano nilichukua mchi nikaisukuma ile nguzo, polepole, kama anayejaribu muhogo kama umeiva. Mchi uliingia. Nilipouchomoa, wakamwagika mchwa weupe mpaka miguuni mwangu, na juu yetu mtambaapanya ukatoa mlio mfupi. Waride aliruka nje. Mimi nilibaki nimesimama, mchi mkononi, nikitazama paa na kungoja.

Halikuanguka. Lakini sasa nilijua kwamba linasimama kwa mazoea tu.

"Inatakiwa boriti," nikamwambia Waride aliporudi. "Moja tu, ndefu, nene."

"Boriti utaipata wapi kabla ya Ijumaa? Mpaka Nyamisati, mpaka kibali, na nani wa kwenda?"

Tukatazamana. Tulikuwa tunafikiria jambo moja. Nyuma ya ukuta, mkono mmoja kutoka tulipokuwa, zilikuwa zimelala boriti tele, nyekundu, zimenyooka.

"Hapana, mwenzangu," akasema Waride. "Ule ni wizi. Atakupeleka barazani, na hapo utakuwa umempa nyumba kwa mkono wako mwenyewe."

Alisema kweli. Usiku huo sikulala, nililia. Nilimlilia Mfaume, na nikamkasirikia pia kwa kufa na kuniachia gogo la mwembe.

Alhamisi alasiri nikasikia mayowe barabarani. Mwanamume analia kwa sauti kubwa ya uongo, anakatisha kilio ili asalimie watu, kisha anaendelea kulia.

"Mfaume weye! Mfaume! Umekufa kwa uchoyo! Umesikia nakuja kula jogoo wako, ukaona bora ufe!"

Akaingia bila hodi. Huyu lakini ni haki yake, kwa sababu alikuwa Bwanaheri, Mngindo, mtani wa ukoo ule tangu enzi za mababu. Kazi yake ni kupasua mbao, na msiba ulimkuta huko ndani ya misitu ya Liwale. Habari ilichelewa kumfikia, na lori alilopanda likakwama njiani. Alikuja na wapwa zake wawili, wanaume wa miraba minne. Asiyeijua desturi hii angewatoa mbio. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kusema lisilosemeka na kufanya lisilofanyika. Anamtukana marehemu. Anaweza kunyakua chochote cha mfiwa, kofia, baiskeli, mbuzi, na mfiwa harudishiwi mpaka akikomboe kwa fidia ambayo mtani mwenyewe ataitaja. Na kumkasirikia ni aibu ya ukoo mzima. Anayekataa kukomboa, siku yake ikifika watani hawaji, na mtu aliyezikwa bila watani husemwa vizazi na vizazi.

"Yuko wapi mjane mbichi?" akapiga kelele. "Kajificha kwenye shuka? Vyema, nilikuwa naogopa kuiona sura iliyomuua rafiki yangu!"

Bi Mwanaamina alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Nami nyuma ya shuka nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha kicheko kikanigeukia nikaanza kwikwi. Bwanaheri akaisogelea shuka.

"Mtani," akasema kwa sauti nyingine, "nini?"

Nikamweleza. Nguzo, mchwa, shekhe, Ijumaa. Nilimsikia akiinuka, akaigonga nguzo kwa kidole, akatoka nje, akazunguka nyuma. Alikaa huko kitambo.

"Zile boriti za nani?" akauliza aliporudi.

"Za Mahamudu."

"Mahamudu ndugu wa marehemu?"

"Ndiye."

"Kumbe ni mfiwa," akasema Bwanaheri, na akaomba maji ya kunywa.

Nilielewa. Mali ya mfiwa mtani anaweza kuiteka. Lakini alikuwapo mtu mwingine aliyeelewa. Bi Mwanaamina aligonga fimbo yake sakafuni. Nikajua sasa atakataa. Ni mwanawe atakayetekwa mali, na ndiye aliyesema mkeka usiguswe.

"Mkeka ule niliushikilia miye," akasema mama mkwe wangu, haelekezi kwa mtu. "Mtaegemeza paa kwa kitu gani mkitoa nguzo?"

"Kwa boriti nyingine, mama, na kitu kizito cha kuisimamisha juu yake."

"Chukueni kinu changu."

Ijumaa asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi upande wa bahari, na upepo ulikuwa umekufa kabisa. Kuku wa Waride walikuwa wamerudi bandani mapema. Bwanaheri na wapwa zake walianza kwa kuhamisha rundo lote la Mahamudu, makuti, mabanzi na boriti, wakayapanga kule ukingoni mwa barabara, wanaimba nyimbo za kumsimanga marehemu ili kila mpita njia ajue kwamba huu ni utani, si wizi. Chini ya rundo ukuta wangu ulikuwa mwekundu kwa udongo wa mchwa tangu chini mpaka kiunoni. Waride akaanza kukwangua.

Boriti mbili waliziingiza ndani. Moja ya kusimama, moja ya kuegemeza. Kinu cha Bi Mwanaamina kilipinduliwa, boriti ya kuegemeza ikasimamishwa juu ya kitako chake, ikapigiwa kabari mpaka mtambaapanya ukapanda kidogo na nguzo ya mwembe ikapumua. Kisha wakaitoa. Sikuiona ikitoka, nilikuwa nyuma ya shuka, ila nilisikia ikivunjika katikati kama mkate mkavu, na mmoja wa wapwa akasema, "Mjomba, hii ilikuwa imebeba nini?"

"Ilikuwa imebeba dua," akasema Bwanaheri. "Chimba."

Wakachimba shimo upya kwa mtalimbo, wakamwaga oili na majivu humo. Tone la kwanza la mvua likapiga makuti. La pili. Halafu mvua yote ikashuka kwa pamoja, mvua ya kwanza ya masika, na nikasikia makuti yakianza kunywa. Mtu aliyekaa chini ya paa la makuti anaijua sauti hiyo. Ni uzito unaingia.

"Haraka!" Bwanaheri akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Shika huko! Iteremshe!"

Boriti ilikuwa nusu shimoni na nusu hewani, wapwa wameishika juu, yeye amepiga magoti shimoni anaielekeza. Waride alikuwa nje. Bi Mwanaamina yuko kwenye kigoda, chini kabisa ya mtambaapanya, kwa sababu amekataa katakata kutoka. Maji yalikuwa yamepenya mlangoni na yanatambaa sakafuni, sakafu ile ya udongo niliyoipiga mwenyewe, na udongo ukilowa unateleza.

Kinu kikasogea.

Nilikiona kwa chini, penye upindo wa shuka. Kilisogea upana wa kidole, kikatulia, kikasogea tena. Boriti ya kuegemeza ikaanza kuinama. Juu, kombamoyo moja la paa likapasuka na vumbi likamwagika.

"Mjomba!"

"Nimebanwa! Siwezi kuiachia!"

Sikufikiri juu ya eda. Ningekuwa mwongo nikisema nilipima dini na dunia. Niliona kichwa cha yule mama, na juu yake paa la Mfaume. Niliiparamia shuka, nikajitupa sakafuni na nguo zangu nyeupe, nikakikumbatia kile kinu, mgongo ukutani na miguu kwenye kizingiti cha chumba. Uzito ulinijia kifuani. Nilihisi mbavu zinakaribiana. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, Waride anasema nilimtukana Mfaume kwa jina la baba yake. Niliogopa sana. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kumzika.

"Zama!" akanguruma Bwanaheri. "Zama, mwanaharamu weye!"

Boriti ikazama. Nilihisi kabla ya kusikia: uzito uliniondoka kifuani, ukahamia kwingine. Mtambaapanya ukalia mara moja, mlio mrefu, kisha ukatulia juu ya kichwa cha ile boriti nyekundu. Wapwa wakashindilia mawe na udongo. Hakuna aliyenitazama. Wote watatu walikuwa wamegeukia ukuta, wanautazama kama umeandikwa Kurani. Nikajizoa, nikarudi nyuma ya shuka, nguo imekuwa nyekundu kwa tope.

Hawakuwa wamemaliza kunawa mikono waliposikika watu wakikimbia mvua kutoka msikitini. Mahamudu alikuwa mbele, anaingia kama kawaida yake bila hodi, anamwambia mtu nyuma yake, "Pita, shekhe, pita, mtajionea wenyewe." Kisha akasimama.

Shekhe Ismaily na wazee wawili waliingia nyuma yake, wanakung'uta kanzu.

"Boriti yangu hiyo," akasema Mahamudu.

"Ilikuwa," akajibu Bwanaheri. Alikuwa ameketi sakafuni, ameunyoosha mguu, anakula kitumbua cha Waride. "Mtani kateka. Poleni na msiba, nimechelewa."

"Na zangu nyingine ziko wapi?"

"Barabarani, zinaoga."

"Toa hiyo! Utani una mipaka yake! Ile mali nimeinunua kwa kazi yangu, toa!" Na akaishika ile boriti kwa mikono miwili, kweli, akaitikisa, akawaita wapwa wa Bwanaheri wamsaidie kuing'oa. Sura ilikuwa imemvimba. "Na huyu mwanamke! Tazameni sakafu, tazameni shuka yake ilivyo na tope! Alitoka mbele ya wanaume, yuko eda!"

"Miye sijaona mwanamke," akasema Bwanaheri. "Nimeona nguzo. Kuna moja hiyo unayoitikisa, na ilikuwapo nyingine."

Mahamudu akaendelea kuvuta. Hapo Bi Mwanaamina akainuka. Alipapasa kwa fimbo mpaka akaifikia boriti, akajishusha polepole, magoti yanalia, akaketi chini kabisa, mgongo wake kwenye nguzo, miguu ameinyoosha.

"Vuta basi, mwanangu," akasema. "Miye nipo hapa."

Mikono ya Mahamudu ikabaki kwenye boriti. Sikuiona sura yake, nashukuru sikuiona, maana naamini ningemwonea huruma na sikutaka.

Shekhe Ismaily alikuwa mtu wa maneno machache. Alisogea, akaegemeza bega lake kwenye nguzo, akasukuma kwa nguvu zake zote. Akatazama juu, mtambaapanya umetulia, makuti yamelowa na kuwa meusi, mvua inapiga kama inadai. Akagonga kuta mbili tatu kwa kifundo cha mkono.

"Nimeitwa kutazama kama nyumba hii ni ya hatari," akasema. "Siioni hatari. Binti akamilishe eda yake hapahapa. Na mtu aliyezuia paa lisimwangukie mama wa watu hana lawama kwangu." Akamgeukia Mahamudu. "La boriti si langu. Hilo ni la mtani wenu."

Wazee wakamtazama Mahamudu. Walikuwa wanangoja, na yeye alijua wanangoja nini. Akaachia boriti. Akajifuta uso.

"Haya, Mngindo," akasema, sauti imekauka. "Taja fidia."

"Hii iliyosimama haikomboleki, nimempa marehemu. Nyingine zote nakurudishia na makuti yako juu, ila ukaziweke kwenye ukuta wako. Sitaki hela. Jogoo sitaki, alishakufa na Mfaume." Bwanaheri akamaliza kitumbua, akajilamba vidole. "Toka nje, ufunge mlango, upige hodi. Ungoje mpaka mwenye nyumba akujibu. Basi."

Nilishika kinywa changu. Sikuwa nimemwambia habari ya hodi. Labda Waride alimwambia, au labda alimwona tu anavyoingia.

Nilidhani Mahamudu atakataa, nilidhani atatukana aondoke zake na mambo yaharibike upya. Mzee mmoja akakohoa. Halafu nikasikia ndala zake zikienda mlangoni, mlango ukafungwa, na mvua ikasikika kwa mbali kidogo.

Bi Mwanaamina alikuwa ameegemea boriti, amefumba macho.

"Hodi," ikasema sauti nje.

Nilikuwa na maneno mengi, nimeyaweka tangu siku ya mazishi. Mvua ilikuwa kubwa sana, na pale nje ya mlango wetu hakuna pa kujikinga. Nikavuta shuka vizuri, nikafunga mtandio wangu wenye tope, nikakaa sawa.

"Hodi, shemegi," ikasema tena sauti, chini zaidi.

"Karibu," nikasema.